Udongo wa Droo ya Saba

Kila siku, saa kumi na mbili kasoro dakika tano asubuhi, Mama Fanuel alimjulia hali marehemu.

"Umeamkaje, mzee?" angemwuliza, ndoo mkono huu na ufagio mkono ule. "Usisumbuke kushuka, ni sisi tu."

Marehemu alikuwa Bwana Ambrose Pellow, tabibu wa Clerkenwell, London, aliyekufa mwaka 1791. Tangu hapo alikuwa ametundikwa ukutani kwenye ngazi, yeye na wigi lake na kitambi chake, pamoja na mkewe na watoto wao sita. Chini ya picha palikuwa na kibao cha shaba chenye majina ya wote na miaka waliyozaliwa, na kila Ijumaa Mama Fanuel alikisugua mpaka akajiona meno. Nyumba yenyewe ilikuwa imegeuzwa makumbusho, madogo, ya wale watu wachache wanaoona raha kutazama mawe. Ilifunguliwa saa nne. Kabla ya saa nne ilikuwa ya Mama Fanuel.

Jina lake la ubatizo lilikuwa Jedidah, mzaliwa wa Wundanyi, mjane wa miaka sitini na mmoja, mkazi wa Peckham na abiria mwaminifu wa basi la 63. Shule alifika darasa la sita, babake akasema msichana akishajua kusoma Biblia na kuhesabu mbuzi ametosha. Basi akaja London na Biblia yake, mbuzi hakuwaona, akaanza kusoma mawe.

Yalikaa kwenye kabati la mti mwekundu, orofa ya pili, chumba cha nyuma. Droo arobaini, zikihesabiwa kutoka chini kwenda juu. Kila droo ilikuwa na visanduku vya karatasi kama trei ya mayai, na kila kisanduku kilikuwa na jiwe lake lenye nambari yake. Mawe elfu moja mia mbili na nne. Bwana Pellow aliyakusanya miaka thelathini. Mengine aliyachimba mwenyewe, mengine aliletewa na mabaharia aliowatibu, mengine aliyapata kwa kuwaandikia barua mabwana wa Uswidi na Ujerumani mpaka wakachoka naye wakamtumia.

Lakini mawe ni kitu gani? Wundanyi yamejaa hata njia hakuna. Kilichomkamata Mama Fanuel ni daftari. Mzee aliandika habari za kila jiwe kwa mkono wake, na nakala iliyopigwa taipu ilikuwa imewekwa mezani kwa ajili ya wageni. Mama Fanuel alisoma jiwe moja kwa siku, na chai ya chupa, kama mtu anayemeza kidonge chake cha presha.

Pellow hakuwa mtu wa kusema "jiwe zuri" akaenda zake. Alilipima uzito. Alilikwaruza kwenye kigae cheupe aone linaacha mstari wa rangi gani. Aliligonga akasikiliza. Aliliweka shavuni ajue ubaridi wake, akalipulizia pumzi, akalinusa upesi. Mwisho, bila kumwonea mtu haya, akalilamba. Jiwe moja liligongwa likanuka kitunguu saumu. Jingine aliliandika hivi: "Chungu, halafu tamu kidogo, halafu ninajuta." Na nambari 88, kijiwe cheusi ambacho alikihangaikia mistari kumi na miwili, alikimaliza kwa neno moja: "Sijui." Akatia sahihi yake chini.

Siku aliyoisoma hiyo, chai ya Mama Fanuel ilipoa. Alikuwa ameshajua wachungaji, machifu, wakaguzi wa shule na madaktari wa hospitali tatu. Hakuwa amewahi kuona msomi anaandika sijui, tena akaweka na sahihi.

"Huyu," alimwambia Miradie, "angekuwa hai ningempikia."

Miradie alikuwa mwenzake wa kazi, msichana wa Bukavu mwenye miaka ishirini na minne. Alikaa Tottenham na mumewe Baudouin, aliyepanga mizigo kwenye bohari huko Hayes karibu na uwanja wa ndege. Makaratasi ya Miradie ya kuishi nchini yalikuwa yametoka majira yale ya baridi, baada ya miaka minne ya kuogopa kila bahasha ya rangi ya kaki, na hii ilikuwa kazi yake ya kwanza yenye jina lake mwenyewe. Alikuwa pia na mimba ya miezi mitano, ambayo aliificha chini ya koti la kazi kwa sababu alidhani wakubwa wakiijua watamtoa.

Ni Mama Fanuel aliyeleta balaa, tusimfiche. Alikuwa na mtindo wa kumsomea Miradie daftari kwa Kiswahili wakati wakifuta vumbi. Asubuhi moja ya Machi mwaka 2001 akamsomea nambari 317.

"'Udongo mweupe wa Cornwall. Laini kama unga uliochekechwa mara mbili. Ukiupulizia, unanuka mvua ya kwanza inapoangukia vumbi. Ukiugusisha ulimi, unaushika, hautaki kuuachia. Mdomoni unayeyuka polepole, na ladha yake ni ya maji ya kisima kirefu.'"

Miradie akameza mate, sauti yake ikasikika mpaka kwenye ngazi.

"Soma tena, Mama."

"Mate yamekujaa mpaka masikioni, nisome tena?"

"Pale pa mvua tu."

Na Mama Fanuel, aliyezaa watoto wanne, aliyejua fika anachokifanya, akarudia pale pa mvua, polepole, huku akitafuna mashavu matupu.

Mwenye kujua anajua. Mamake, kule Wundanyi, kila akiwa na mimba alikuwa akibandua udongo wa kula kwenye ukuta wa jikoni, upande unaopigwa na mvua, na kila mtoto alikuwa na shimo lake. Jedidah alikuwa shimo la tatu kutoka mlangoni. Hata alipokuwa na wajukuu aliwapeleka akawaonyesha: "Hapa ndipo mimi." Miradie, kwa upande wake, alikuwa amepewa na mkunga karatasi nzima ya vitu visivyofaa kuliwa na mwenye mimba: jibini fulani, maini, mayai mabichi. Udongo haukuwemo. Mwandishi wa karatasi ile hakuwa amefikiria mbali kiasi hicho.

Kwa bahati mbaya, mwezi huohuo kabati lilikuwa wazi. Msimamizi wa makumbusho, Dokta Pym, mtu mrefu mwenye miwani iliyofungwa kwa kamba ya kiatu, alikuwa akipima mawe yote upya ili ayaingize kwenye kompyuta. Alimpenda Pellow kama mtu anavyompenda babu yake tajiri. Na katika daftari zima la babu huyo, nambari 317 pekee ndiyo iliyomnyima usingizi, kwa mambo mawili. La kwanza, uzito. Pellow alikuwa akipima mawe yake upya kila alipopanga kabati, na udongo huu ulikuwa umepungua kila mara, mpaka kutoka aunsi kumi na moja zikabaki mbili. La pili, mahali. Udongo mwingine wote ulikaa droo ya thelathini na nane, juu kabisa. Huu peke yake ulihamishwa ukawekwa droo ya saba, katikati ya mawe ya shaba, kama mgeni aliyekosea harusi. Dokta Pym aliandika kijitabu cha kurasa nne akasema kwamba udongo huo hukauka, na kwamba droo ya saba labda ilikuwa na hewa nzuri.

Mama Fanuel alikisoma kijitabu akasema, "Mh."

Jumanne ikafika. Walikuwa wanakunja nyaya za mashine ya kuvuta vumbi, Mama Fanuel akamtazama mwenzake.

"Una nini mdomoni?"

"Dawa ya meno, Mama."

"Unapiga mswaki kazini saa moja asubuhi? Fungua."

Miradie hakufungua. Machozi ndiyo yalifunguka. "Mama, nilianza kulamba tu. Ijumaa nililamba. Jana nikavunja kapembe kadogo. Leo... leo sijui iliendaje."

"Kimebaki kiasi gani?"

Miradie akafunua kiganja. Palikuwa na kikaratasi cha mraba, cha manjano kwa uzee, kimeandikwa 317.

"Nambari sikuila," alisema.

Mama Fanuel alitaka kucheka, akataka na kulia, na kwa kuwa mambo yote mawili yanatumia uso mmoja, akaketi kwenye ndoo iliyopinduliwa. Mtoto wa watu alikuwa amekula mali ya makumbusho. Ingejulikana, ingeitwa wizi, na neno wizi likishaingia kwenye faili la mtu mwenye makaratasi mapya, nani atamwajiri tena? Na aliyemwita shetani kwa jina, akamsomea mara mbili pale pa mvua, alikuwa nani?

"Dokta yuko droo ya tano," alisema hatimaye. "Ya saba ataifikia Alhamisi. Nipe hicho kikaratasi, na ufute mdomo."

Jioni ile alikwenda Rye Lane, hapohapo Peckham, kwa mama mmoja Mnigeria anayeuza viazi vikuu, nywele za bandia na udongo wa kula. Mwenye duka alimtazama mvi zake, akatazama udongo aliouchagua.

"Wa nani huu?"

"Wangu," alijibu Mama Fanuel. "Sara wa Ibrahimu alikuwa na tisini."

Akauchonga mezani kwake kwa kisu cha kumenyea viazi mpaka ukawa na ukubwa wa ndimu, akabandika 317 kwa uji mzito. Kwa mbali, ukifinya macho, ulikuwa ndugu yake yule. Jumatano asubuhi ukaingia droo ya saba.

Alhamisi walipofika, taa ya orofa ya pili ilikuwa imeshawashwa. Dokta Pym alikuwa amewahi. Wakasimama mlangoni na vitambaa vyao wakimtazama mgongo.

Aliuweka udongo kwenye mizani. Akautoa, akauweka tena. "Mbili na robo tatu," akaiambia mizani. Kisha akafanya vile mzee alivyomfundisha. Akaupulizia, akaunusa, akakunja pua. Akautoa ulimi wake wa Oxford, mwekundu na safi, akaugusisha.

"Chumvi!"

Mama Fanuel akafumba macho. Miaka mitano anamsifu Pellow kwa kulamba mawe, halafu anasahau kwamba na mwanafunzi wake analamba! Angenunua ule usiotiwa chumvi.

Dokta Pym hakupiga kelele. Ingekuwa afadhali. Aliketi na udongo mkononi, uso umemporomoka kama mtu aliyerudi kutoka mazishini akakuta mlango umevunjwa. "Mtu ameuchukua," alisema. "Akaweka huu badala yake. Miaka mia mbili na thelathini, halafu unapotea mikononi mwangu."

Saa mbili na nusu Nizar akawasili, ameitwa na Dokta. Nizar alikuwa mkubwa wao katika kampuni ya usafi, kijana wa Mombasa, mwenye tai na simu mbili, na zote mbili zililia akipanda ngazi.

"Mama zangu, mwanitakani?" aliwauliza kwa Kiswahili. "Bwana asema aliyechukua aseme. Asiposema, nyote wawili mwatoka leo, na polisi waja. Mimi ntasemaje ofisini?"

Miradie akafungua mdomo. Mama Fanuel akamkanyaga mguu.

"Ni mimi," alisema. "Niliula."

Nizar akamtazama kuanzia kiatu mpaka kilemba. "Wewe? Kwa umri huo, Mama Fanuel?" Halafu, kwa kuwa hakuzaliwa jana na kwao ana dada saba, macho yake yakahama taratibu yakatua kwenye koti la Miradie, kwenye kifungo kilichokuwa kinajikaza.

"Ni mimi, si Mama," alisema Miradie, kwa Kiingereza, sauti nyembamba lakini nzima. "Mimi niko na mimba. Niliula wote. Samahani, Dokta."

Dokta Pym alimgeukia kila mmoja, akitafuta ni nani anayemfanyia mzaha. "Hakuna mtu anayekula kaolini, udongo wa kufinyangia vikombe."

"Yuko," alisema Mama Fanuel. "Na si huyu wa kwanza. Dokta, chukua daftari lako tushuke kwenye ngazi. Dakika tano. Baada ya hapo utatufukuza vizuri."

Pengine angekataa, lakini daftari lilikuwa limeshafika mkononi mwake lenyewe. Wakashuka, Nizar akifuata amezima simu zote mbili. Mama Fanuel akasimama chini ya picha, akakipa mgongo kibao cha shaba.

"Soma uzito, na miaka yake."

"Mwaka 1771, aunsi kumi na moja," alisoma Dokta Pym. "Mwaka 1773, tisa na nusu."

"Thomas," alisema Mama Fanuel. "Alizaliwa 1772."

Dokta Pym akatupa jicho kwenye kibao. "Mwaka 1776, nane na robo."

"Anne, 1775."

"Mwaka 1779, sita na robo tatu."

"William, 1778. Endelea, usiogope."

"Mwaka 1782..." Akakwama. "Hapa pamekuwa fumbo siku zote. Umeshuka ghafla. Tatu na nusu. Mara mbili ya kawaida."

Mama Fanuel aliinua kitambaa tu, akaelekeza kwenye picha, ambapo wasichana wawili wa uso mmoja walikuwa wamekumbatia mbwa mmoja.

"Mapacha!" Nizar akapiga kelele, akasahau tai yake. "Wallahi, mapacha!"

"Ruth na Hester, 1781. Kisha Joseph, 1784."

"Mwaka 1785, aunsi mbili," alisema Dokta Pym polepole. "Mwaka 1790, mbili. Na mimi mwaka jana, mbili."

"Baada ya Joseph hakuzaa tena. Dokta, kama udongo unakauka, ni nani aliyeuambia uache? Na wenzake wa droo ya thelathini na nane, wao hawana kiu?"

Dokta Pym akaketi kwenye ngazi, suruali yake safi juu ya ngazi ambazo hazijapigwa deki. Alifungua mahali fulani kwenye daftari, akapatazama muda mrefu. "Aliuhamisha mwaka 1775," alisema. "Kutoka droo ya thelathini na nane kwenda ya saba. Maisha yake yote hakuwahi kuweka jiwe mahali pasipo pake, ila hili. Nimeshindwa kueleza kwa nini."

"Ile ya thelathini na nane unaifikiaje?"

"Kwa ngazi ya mbao."

"Wewe ungemwacha mwenye mimba apande ngazi ya mbao?"

Hata basi lililopita nje lilipita kwa adabu.

"Kwa hiyo alijua," alisema Dokta Pym.

"Mtu anayenusa pumzi yake mwenyewe juu ya jiwe, asijue mkewe anakula nini? Alijua. Akapima, akaandika, akanyamaza, akamshushia droo." Mama Fanuel akageuka akamtazama mzee kwenye picha, na kitambi chake, na wigi lake lililokaa upande. Mara hii hakumtania. "Nilisema ningempikia. Sasa ningemchinjia."

Miradie alikuwa bado amesimama ngazi ya juu, ameshika mbao kwa mikono yote miwili. "Lakini umekwisha," alisema. "Ule wa mama huyu wa kwenye picha, mi nimeumaliza."

"Ndiyo," alisema Dokta Pym. "Umekwisha." Hakumfariji, kwa kuwa ilikuwa kweli, na hasara ilikuwa yake. Alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati, akaivaa tena. Kisha akamwambia Nizar kwamba hakuna wizi uliotokea. Kuanzia leo droo zote zingefungwa kwa ufunguo, jambo ambalo alipaswa kulifanya yeye mwenyewe, na angeomba kina mama hawa wawili wabaki hapahapa, maana watu waliosoma wamepita kwenye ngazi hizi miaka mia moja, na hakuna aliyesoma kibao.

"Hawajakisugua," alisema Mama Fanuel.

Walirudi juu. Dokta Pym akaketi mbele ya kompyuta kwenye nambari 317, vidole hewani. Mama Fanuel akamsimamia nyuma kama mwalimu wa zamu. Mwishowe akaandika, naye Mama Fanuel akamtafsiria Miradie kwa kunong'ona: "'Umekwisha. Uliliwa kidogo kidogo na wanawake wenye mimba wa nyumba hii, 1772 hadi 2001.'"

"Wa nyumba hii," Miradie akarudia. Akafungua kile kifungo kilichokuwa kinajikaza, tumbo likapumua.

Kisha Dokta Pym akauchukua udongo wa Rye Lane, akaubandua kikaratasi, akachukua karatasi mpya na kalamu ya wino. "Nambari 1205," alisema. "Mtoaji: Bi Jedidah. Mahali: Peckham. Nani atanieleza ladha?"

Miradie, mtaalamu, akakwangua kidogo kwa ukucha, akafumba macho. "Moshi kwanza," alisema. "Halafu chumvi. Halafu mto, wakati maji yake yamepungua." Dokta Pym akaandika yote, hata mto.

"Na kabla ya Peckham? Ulichimbwa wapi?"

Mama Fanuel akavuta pumzi. Katika miaka sitini na mmoja hakuwahi kukosa jibu, na kama halikuwepo alilitengeneza. Angeweza kusema Kalabari, kule Nigeria. Angeweza kusema mlima fulani, akaupa na jina, na huyu Mwingereza angeuandika.

"Sijui," alisema.

Dokta Pym akaanza kuandika kwamba asili yake haikuweza kuthibitishwa.

"Hapana," alisema Mama Fanuel. "Andika kama nilivyosema. Halafu nipe kalamu nitie sahihi."

Akatia, kwa mwandiko wa darasa la sita, herufi kubwa zilizosimama wima kama watoto kwenye gwaride. Dokta Pym akaukausha wino, akauweka udongo kwenye kisanduku chake, akamtazama Miradie, akautazama udongo, akafunga droo kwa ufunguo na kuutia ufunguo mfukoni.